Uhakiki wa Kitenzi "Hifadhi" katika Matumizi ya Nywila za VPN

Sisi tunaoshughulika na istilahi tuna desturi ya kukimbilia nomino. Chombo kipya kikifika, swali la kwanza huwa ni jina lake. Kitenzi huachwa kijitafutie mahali. Kwa vyombo vingi desturi hii haina madhara makubwa, kwa maana mtu akishajua jina la jembe hafundishwi tena neno la kulimia. Lakini kwa kompyuta mambo ni kinyume. Mtumiaji wa kompyuta hatamki majina ya vitu, bali hubonyeza vitenzi. Mbele yake pana vitufe vilivyoandikwa fungua, funga, tuma, futa, hifadhi, naye kila abonyezapo huwa ametoa amri ambayo pengine haitanguki. Kwa hiyo kitenzi kibaya juu ya kitufe ni jambo zito kuliko nomino mbaya ndani ya kamusi, ilhali vikao vya istilahi huzimaliza siku nzima katika nomino.

Katika makala haya tunakusudia kukihakiki kitenzi kimoja, nacho ni hifadhi, mahali pamoja tu kinapotumika: pale ambapo kompyuta (ndugu zetu wengi wa Kenya huiita tarakilishi, nasi hatuna ugomvi nao) inamwuliza mtumiaji kama angependa nywila yake ya VPN ihifadhiwe. Rai yetu ni kwamba kitenzi hiki, kilivyo kizuri kwa barua na picha, kwa nywila kinamweleza mtumiaji kinyume cha jambo linalotendeka.

Herufi hizo tatu zimeingia masikioni mwa watu wetu kwa njia mbalimbali. Nchini Uganda zilivuma tangu Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, nao wengi wakatafuta namna ya kuikwepa kodi hiyo. Nchini Tanzania, tarehe 13 Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Lakini matumizi tunayoyakusudia hapa ni ya zamani kuliko hayo, na hayana kelele. Ofisi huwa na seva zake zilizofungiwa ndani ya mtandao wa ofisi, zisizofikiwa na mtu aliye nje. Mtumishi aliye mbali, tuseme mhasibu wa wilayani, hutumia intaneti ya kawaida, ile ile itumiwayo na kila mtu. Lakini programu ya VPN hujenga ndani ya intaneti hiyo njia ya peke yake, ambamo kila kipitacho hufumbwa, yaani hugeuzwa kuwa fumbo lisilosomeka, na kufumbuliwa kifikapo mwisho wa safari. Mlangoni pa njia hiyo huulizwa jina na nywila. Akishapita, seva humwona kana kwamba ameketi ndani ya jengo. Hapo ndipo ulipo uzito wa nywila hii. Nywila ya barua pepe hufungua sanduku la mtu mmoja. Nywila ya VPN hufungua mlango wa nyumba ya wengi.

Jina refu la chombo hiki katika Kiswahili halijatulia. Wako wasemao mtandao pepe binafsi, na wako wasemao mtandao pepe wa faragha. Pepe ilipoingia katika barua pepe ilibebeshwa dhana ya kitu kisafirishwacho kwa umeme. Hapa inabebeshwa dhana ya kitu ambacho sicho hasa bali hutenda kana kwamba ndicho. Naye mkulima wa mpunga akisikia pepe hukumbuka punje isiyo na kiini. Neno moja linatumwa safari nyingi mno. Hata hivyo hatutalifuatia zaidi, kwa kuwa umma umekwisha kuamua kusema VPN, na anayebonyeza kitufe hadhuriki kwa kutojua kirefu chake.

Nomino inayostahili dakika chache ni ile ya siri yenyewe. Hapa Kiswahili kina utajiri unaokaribia kuwa fujo: neno la siri, nenosiri, nywila, na kwa upande wa tarakimu namba ya siri au nambari ya siri. Google wamechagua nenosiri, na wamelifuata kwa uaminifu mpaka kwenye wingi wake, manenosiri, ambao masikio yetu yameukubali kwa shida. Nenosiri lina sifa moja kubwa: msomaji hulielewa papo hapo bila ya kufundishwa. Kasoro yake imo katika nusu ya kwanza. Siri nzuri ya kufungulia kompyuta si neno. Mtu akiambiwa achague neno, huchagua neno kweli: jina la mwanawe, la mji wake, la timu yake ya mpira, nao wavunjaji huanza kazi yao kwa kuijaribisha kompyuta orodha ya maneno ya kamusi na majina ya watu, kabla ya kuhangaika na michanganyiko mingine. Hivyo nomino yenyewe inashauri vibaya. Nywila, kwa upande wake, haina ukoo unaoonekana. Msomaji hawezi kuikisia maana yake kwa kuitazama, na jambo hilo limelaumiwa mara nyingi. Sisi twaona kwamba hapa lawama imegeuka sifa, kwa sababu neno lisilodokeza chochote haliwezi kudokeza vibaya. Kwa hiyo katika makala haya tunasema nywila, isipokuwa tunapotaja maneno ya wengine.

Sasa tufike kwenye kitenzi.

Hifadhi ni neno la asili ya Kiarabu, nalo limekaa katika Kiswahili muda mrefu wa kutosha kuzaa matawi. Tawi kubwa ni la ulinzi. Twasema Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na maana yake ni mahali ambapo wanyama wamekingwa na bunduki na jembe. Twasema hifadhi ya jamii, na maana yake ni kinga ya mzee na mgonjwa. Twaombeana Mungu atuhifadhi. Katika yote hayo anayehifadhi ana nguvu kuliko anayehifadhiwa, na pana adui anayezuiwa. Tawi la pili ni la moyoni: mwanafunzi wa chuo huhifadhi Kurani, yaani huitia yote kichwani mpaka haihitaji tena msahafu. Tawi la tatu, changa kuliko yote, ni la kompyuta. Programu za ofisi zilipoanza kutolewa kwa Kiswahili, kwanza Jambo OpenOffice iliyoandaliwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kisha zile za Microsoft, ilihitajika amri ya kuweka barua iliyoandikwa isije ikapotea umeme ukikatika. Hifadhi ndilo neno lililoshinda na kuenea, nasi hatulilaumu kwa kazi hiyo. Hatari inayoikabili barua ni kupotea. Anayeiweka barua ndani ya kompyuta anaikinga kweli na hatari hiyo, na tawi la tatu linachipuka vizuri kutoka katika tawi la kwanza.

Lakini nywila haiogopi kupotea. Nywila ikipotea, msimamizi wa mtandao hutoa nyingine, na hasara ni ya nusu saa. Hatari inayoikabili nywila ni kuonekana. Ilikuwa mahali pamoja tu, kichwani mwa mwenyewe. Sasa iko mahali pawili, na mahali pa pili panaweza kuibwa, kuazimwa, kupelekwa kwa fundi, au kuachwa wazi mtu akienda kunywa chai. Tendo lile lile lililoikinga barua limeiweka nywila hatarini. Na juu ya tendo hilo tumeandika neno lile lile tuliloandika kwenye lango la Serengeti. Mhasibu wetu wa wilayani, anayeijua lugha yake vizuri, anasoma "Hifadhi nenosiri" na kuelewa kwamba anaalikwa kuilinda siri ya ofisi. Anabonyeza kwa moyo mweupe. Aijuaye lugha vizuri zaidi ndiye anayepotoshwa zaidi, na hiyo ndiyo dalili ya istilahi iliyokosewa.

Tena yuko wa tawi la pili. Mtu aliyelelewa katika vyuo vya pwani akiambiwa ahifadhi neno, anaweza kuelewa kwamba anaagizwa alitie moyoni asije akalisahau. Atabonyeza kitufe kama mtu anayeitikia "nimesikia", huku akiwa ametoa ruhusa ambayo hakuikusudia.

Ili tusionekane kuwa twabishana juu ya maneno matupu, tueleze nini hasa hutendeka kitufe kikibonyezwa. Seva iliyosanifiwa vizuri haina haja ya kuwa na nywila yenyewe. Huipitisha katika hesabu ya upande mmoja na kubaki na alama isiyoweza kurudishwa kuwa nywila, kisha kila mtu anapofika mlangoni hulinganisha alama na alama. Kompyuta ya mtumiaji haiwezi kufanya hivyo. Wajibu wake ni kuitoa nywila na kuipeleka mlangoni badala ya mwenyewe, kwa hiyo kilichowekwa ndani yake lazima kiweze kurudi kuwa nywila kamili. Hata ikifumbwa, ufunguo wa kuifumbua nao umo humo humo au unapatikana mtumiaji anapoingia. Katika Windows ufunguo huo umefungamanishwa na kuingia kwa mtumiaji, na hivyo kompyuta ikiwa imezimwa nywila ina kinga ya maana. Bali ikiwa imeachwa wazi mezani, aliyeketi mbele yake anaweza kuunganisha VPN bila ya kuijua nywila hata herufi moja. Programu ya OpenVPN inaruhusu nywila isomwe katika faili la maandishi ya kawaida, lenye mistari miwili: wa kwanza jina, wa pili nywila, bila ya fumbo lolote. Seva na kompyuta ya mtumiaji zinafanya mambo mawili yasiyofanana, na katika Kiswahili cha leo zote mbili "zimehifadhi nywila".

Mfano ulio bora kuliko yote kwa kazi yetu ni ule wa kompyuta za Linux zinazotumia programu ya NetworkManager, kwa sababu hapo mtumiaji hupewa uchaguzi waziwazi. Anaweza kuamua kwamba nywila iwekwe kwa ajili yake peke yake. Au iwekwe kwa ajili ya watumiaji wote wa kompyuta ile. Au asubiri kuulizwa kila mara. Katika uchaguzi wa kwanza nywila huingia katika bweta lake mwenyewe, linalofunguka anapoingia kwa jina lake. Katika uchaguzi wa pili huandikwa ndani ya faili la mfumo kwa herufi za kawaida. Watu wa kawaida hawawezi kulisoma, lakini msimamizi mkuu wa kompyuta, na yeyote atakayejipatia madaraka yake, anaweza. Tofauti ya hayo mawili ni kubwa. Sasa na tumfikirie mfasiri anayefuata mazoea. Ataandika: "Hifadhi nywila kwa mtumiaji huyu tu", na chini yake: "Hifadhi nywila kwa watumiaji wote". Msomaji wa Kiswahili, akiyapima maneno hayo kwa mizani ya lugha yake, ataona kwamba la kwanza ni la mtu mchoyo na la pili ni la mtu mwema anayewafikiria wenzake. Kama hifadhi ni kinga, nani asiyetaka kinga iwe ya wote?

Kuna kasoro nyingine iliyofichika zaidi, nayo ni ya mzungumzaji. Katika skrini moja mtu husoma "Ingiza nywila", "Nikumbuke", na "Hifadhi". Katika amri ya kwanza kompyuta inasema na mtu. Katika ya pili mtu anasema na kompyuta. Katika ya tatu nani anasema na nani? Wafasiri wetu wamefuata mfano wa lugha walizotoka kufasiri, ambazo vitenzi vyake havina viambishi vya mtendaji kama vyetu, na kwa hiyo ni vigumu kwazo kuonyesha mtendaji ndani ya kitenzi. Kiswahili kinaweza. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtendaji, mtendwa, na hata anayetendewa. Twasema "initunzie" na katika neno hilo moja yumo mtunzaji na yumo atunziwaye. Kuacha uwezo huu na kuandika shina tupu juu ya kitufe ni sawa na kumiliki jahazi na kulipiga makasia.

Kikumbuke nacho hakisaidii. Kukumbuka ni tendo la mwenye akili, nacho kilichokumbukwa hakionekani na mtu mwingine hata akipasua kichwa cha mwenyewe. Anayeambiwa kwamba kompyuta "imekumbuka" nywila hana sababu ya kudhani kwamba pana faili mahali fulani, lenye jina, linaloweza kunakiliwa. Tena mtu hukumbuka na husahau. Kompyuta haisahau mpaka iamriwe. Twaonelea kitenzi hiki kiachiwe wanadamu.

Madhara ya ukungu huu si ya kubuni. Tarehe 24 Mei 2022 kampuni ya Cisco ya Marekani, ambayo yenyewe hutengeneza na kuuza mitambo ya VPN, iligundua kwamba mtandao wake umeingiliwa, na tarehe 10 Agosti mwaka huo ikaeleza hadharani jinsi ilivyokuwa. Mwingiliaji hakuanza kwa kuvunja mlango wa kampuni. Alianza kwa kuitwaa akaunti binafsi ya Google ya mtumishi mmoja. Mtumishi huyo alikuwa ameikubalia Chrome, kivinjari chake, iweke nywila za kazini, na pia alikuwa ameruhusu nywila zake zipelekwe kwenye akaunti yake. Aliyeipata akaunti akazipata nywila. Ilibaki hatua moja, ile ya mwenye akaunti kuthibitisha kwa simu kwamba ni yeye anayeingia. Mwingiliaji akampigia simu akijifanya mtu wa kuaminika, na kumletea maombi ya uthibitisho mfululizo, mpaka mtumishi akakubali mojawapo. Baada ya hapo VPN ilimpokea kama mwenyeji.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kwa sababu ya simu zile. Kwa mwanaistilahi kilicho muhimu ni mwanzo wake. Hapakuwa na udukuzi wa kustaajabisha: palikuwa na kitufe kilichobonyezwa siku fulani na mtu aliyekuwa na haraka ya kufanya kazi, kisha na kitufe cha pili. Na kitufe hicho cha pili, katika Kiswahili cha Google, kimeandikwa kwa kitenzi sawazisha. Twawauliza wasomaji wetu: mtu akisoma "usawazishaji umewashwa" ataelewa nini? Seremala husawazisha ubao, na mtangazaji wa mpira hutangaza kwamba timu imesawazisha bao. Hakuna hata mmoja wao atakayedhani kwamba nakala ya nywila ya ofisi imesafiri na kwenda kukaa katika akaunti ya nyumbani. Dhana ni ya kunakili na kupeleka. Neno ni la kulinganisha vimo. Hapa kosa ni kubwa zaidi kuliko la hifadhi, kwa kuwa hifadhi angalau husema kwamba kitu kimewekwa, ilhali sawazisha haisemi kwamba kitu kimeondoka.

Mfano wa pili unahusu nomino, lakini hatuwezi kuupita. Mwezi Aprili 2019 kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilitoa onyo kwamba baadhi ya programu za VPN zilikuwa zikiweka bila ya kufumba zile hati ndogo ambazo seva humpa mtu aliyekwisha kuingia, ili asiulizwe tena nywila kwa muda. Hati hizo zilikutwa mahali pawili: katika kile chombo cha ndani ambamo kompyuta hushikilia mambo inayoyafanya kwa wakati huo, na katika mafaili ambamo programu huandika kila tukio linalopita. Jaribuni kulitoa onyo hilo kwa Kiswahili kilichozoeleka. Chombo cha kwanza twakiita kumbukumbu. Mafaili ya pili nayo twayaita kumbukumbu. Onyo litasomeka kwamba siri imeachwa katika kumbukumbu na vilevile katika kumbukumbu. Lakini ya kwanza hufutika kompyuta ikizimwa, na ya pili hubaki miaka. Msimamizi wa mtandao anayesoma onyo la namna hiyo hawezi kujua azime kompyuta au afute mafaili. Sisi twapendekeza kumbukumbu ibakizwe kwa chombo cha kwanza, na mafaili yale yaitwe daftari la matukio, jina ambalo karani yeyote analielewa.

Kabla ya kutoa pendekezo letu juu ya hifadhi, haki yatutaka tuwasikilize wanaoitetea. Wanasema kwamba kuweka nywila ndani ya kompyuta si dhambi, na kwamba pengine ni heri. Nywila ndefu isiyotabirika haikumbukiki kirahisi, na mtu akilazimishwa kuikumbuka ataiandika kwenye karatasi na kuibandika ukingoni mwa skrini. Hoja hii ni ya kweli. Taasisi ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, ilishauri kwamba mifumo iwaruhusu watu kubandika nywila waliyoinakili mahali pengine, ili wanaotumia programu maalumu za kutunzia nywila wasizuiwe. Nasi hatusemi kwamba mtu asiweke. Twasema ajue ameweka nini, wapi, na nani mwingine anafika mahali hapo. Kuna tofauti kati ya kuweka nywila ndani ya programu yenye ufunguo wake, na kuiacha ndani ya kompyuta ya ofisi inayotumiwa na watu watatu kwa zamu. Istilahi nzuri ingeyatenga hayo mawili. Yetu inayaunganisha, kisha inayapaka yote mawili rangi ya usalama.

Ikumbukwe pia kwamba watu wetu wana desturi yao katika jambo hili. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mamilioni wamejifunza kuwa na siri ya tarakimu, na menyu ya kawaida ya simu huwauliza siri hiyo kila mara. Haijitolei kuwatunzia. Namba ya siri kwa mama ntilie na kwa dereva wa bodaboda ni kitu cha kichwani. Pendekezo la kompyuta la kuichukua nywila ni geni kwa desturi hiyo, na jambo geni ndilo linalohitaji neno lililo wazi kuliko yote.

Tumeyapima maneno kadhaa. Acha lilitupendeza kwanza, kwa kuwa "acha nywila ndani ya kompyuta hii" ni kauli ya kweli. Lakini kitufe kilichoandikwa "Acha" chaweza kusomeka kuwa amri ya kukoma, nasi hatutaki kuondoa utata mmoja kwa kuleta mwingine. Weka ni jepesi, ila tayari baadhi ya programu husema "weka nywila" kwa maana ya kuingiza. Andika lina ukweli wote tunaoutaka, walakini mtumiaji atadhani ni yeye anayeagizwa aandike. Weka amana lina heshima yake, tena lina sheria: anayepokea amana ana dhima ya kuirudisha. Kompyuta haina dhima kwa mtu.

Neno tulilolifikia ni la stendi ya basi. Msafiri anayetaka kwenda kununua maji humwambia jirani yake, "Nishikie mzigo wangu." Kila Mswahili anajua ameomba nini. Anajua kwamba mzigo ni wake bado, kwamba umo mikononi mwa mwingine, kwamba anatazamia kurudi, na kwamba uchaguzi wa mtu wa kumshikia ni wa hiari yake na hatari ni yake. Hamshikishi mzigo wa fedha mtu yeyote aliye karibu. Kitenzi shikia, katika kauli yake ya kutendea, kinaonyesha mtendaji na mtendewa, kwa hiyo kinaondoa pia ile kasoro ya mzungumzaji. Tena kina ukoo na dhana ya kushika jambo kichwani, na hivyo hakimwachi yatima aliyezoea kumbuka.

Kwa hiyo pale ambapo sasa pameandikwa "Hifadhi nenosiri" twapendekeza paandikwe "Kompyuta hii inishikie nywila", na pale pa kukataa paandikwe "Niulizwe kila mara". Katika uchaguzi wa Linux tuliousimulia, "Inishikie mimi peke yangu", na "Itushikie wote wanaotumia kompyuta hii". Maneno haya ni marefu kuliko kitufe, hilo twalijua, na wasanifu wa programu watalalamika. Kitufe kinaweza kubaki na neno moja, "Inishikie", maelezo yakakaa juu yake kama yakaavyo sasa. Kwa kunakili kwenda kwenye akaunti, sawazisha iondolewe, pasemwe waziwazi "Nakala iende kwenye akaunti yangu". Hifadhi ibaki kwa barua, picha na mafaili, ambako imestahili.

Yabaki majina ya zile programu maalumu. Google huiita ya kwao Kidhibiti cha Manenosiri. Kudhibiti ni kutawala na kuzuia, kazi ya polisi na ya mkaguzi wa fedha, wala si ya chombo hiki. Watu wa pwani wana bweta, kile kisanduku kidogo cha vito na hati za thamani, chenye ufunguo wake, kinachokaa chumbani na si ukumbini. Bweta la nywila litasema yote yanayohitajika, pamoja na kwamba ufunguo ukipotea au ukiibwa, vyote vilivyomo vimekwenda nao. Wasomaji wa bara ambao hawajalizoea neno hili twawaomba watuandikie wanakiitaje kisanduku cha namna hiyo kwao, kabla orodha haijafungwa.